Hati safi, fedha hakuna: mkaguzi alipaswa kuona nini?

SWALI: Asalaam alaykum. Mimi ni mwanachama wa chama cha akiba na mikopo hapa Lamu. Wengi wetu ni wavuvi na akina mama tunaouza samaki. Kwa miaka mitatu mfululizo mkaguzi wa hesabu ametusomea hati safi kwenye mkutano mkuu. Mwezi uliopita mweka hazina alitoweka, na kamati imekiri kuna pengo la shilingi 3,730,000. Kati ya hizo, 1,500,000 ni amana ya muda maalumu ambayo benki inasema ilivunjwa zamani, 1,330,000 ni mikopo 19 ya watu tusiowajua, na kama 900,000 ni makusanyo ya miaka miwili ya dikoni, pale samaki wanaposhushwa na kupimwa, ambayo hayakufika benki. Mkaguzi anasema kazi yake si kutafuta wezi. Ni kweli? Na kama si kweli, tushike wapi? Nimeambatisha nakala ya taarifa za fedha za mwaka jana. Mwanachama, Langoni.

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu, na poleni nyote. Akiba iliyowekwa mia mia kila mashua irudipo si fedha ya kupotea kisha watu wakaambiwa wavumilie.

Mkaguzi wenu amesema nusu ya kweli, na ile nusu aliyoiacha ndiyo iliyobeba haki yenu. Pengo lenu ni moja kwa jumla tu. Ukilitazama vizuri ni mapengo matatu, na kila moja lina jibu lake. Amana ya benki alipaswa kuigundua, na sioni udhuru. Mikopo ile 19 inategemea alifanya nini, na faili lake litasema. Makusanyo ya dikoni huenda hata mkaguzi hodari angeyakosa, ingawa dalili hazikukosekana. Mkiyachanganya yote matatu na kumwambia "ulituibia pamoja naye", atajitetea kwa lile la tatu na kuwaponyoka kwa lile la kwanza.

Neno lenyewe linachangia matarajio ya watu. Kwa Kiswahili, kukagua ni kupita ukitazama kimoja kimoja: rais hukagua gwaride, mwalimu hukagua madaftari, askari hukagua mizigo gatini Mokowe. Basi mwanachama akisikia "hesabu zimekaguliwa" huelewa kwamba kila risiti imeshikwa mkononi. Sivyo. Taarifa za fedha hutayarishwa na kamati na kutiwa saini na kamati. Mkaguzi hutoa maoni kama taarifa hizo zinaonyesha hali ya kweli katika mambo yote mazito, na hakikisho analotoa huitwa hakikisho la kutosha. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi, ISA, ambavyo Kenya inavifuata, vinasema wazi kuwa hakikisho hilo ni la juu lakini si kamili. Vinasema pia kwamba wajibu wa kwanza wa kuzuia na kugundua wizi ni wa wasimamizi wa chama. Hapo ndipo mkaguzi wenu aliposimama.

Lakini hakuendelea kusoma. Kiwango cha ISA 240 kinahusu ulaghai peke yake, na kinamtaka mkaguzi apange kazi yake ili apate hakikisho la kutosha kwamba hesabu hazina kosa zito, liwe la bahati mbaya au la makusudi. Lazima akae na wenzake wajadili wapi fedha inaweza kuibwa. Lazima achukulie kwamba mapato yana hatari ya ulaghai mpaka athibitishe vinginevyo. Lazima apime maingizo ya leja yaliyofanywa kwa mkono, hasa ya mwisho wa mwaka, na aulize sababu ya kila muamala usio wa kawaida. Hayo hayana hiari, chama kiwe kikubwa au kidogo.

Fikiria fundi anayeitwa kuangalia jahazi lililopandishwa pwani kabla ya msimu. Hang'oi kila ubao. Hugonga hapa na pale akisikiliza sauti, huchokoa kalafati panapomtia shaka. Lakini mkuku, ule uti wa mgongo wa jahazi, na mahali usukani uliposhikizwa, hawezi kupita bila kupashika. Maji yakiingia kwa ubao mmoja wa ubavuni ambao hakuugonga, fundi ana la kusema. Mkuku ukiwa umeoza naye alisema jahazi ni zima, hana. Katika ukaguzi wa chama cha akiba, fedha zilizo benki ndizo mkuku.

Watetezi wa wakaguzi hupenda kunukuu maneno ya jaji Lopes wa Uingereza katika kesi ya kiwanda cha pamba cha Kingston, mwaka 1896: mkaguzi ni mbwa wa kulinda, si mbwa wa kuwinda. Wanakomea hapo. Jaji yuleyule, katika hukumu ileile, alisema kwamba likitokea jambo la kutia shaka, mkaguzi alichimbe mpaka chini. Kwenu jambo la kutia shaka lilikuwepo, na limechapishwa.

Fungua nakala uliyonitumia, kwenye maelezo ya fedha taslimu na fedha benki. Amana ya muda maalumu imeandikwa 1,500,000 mwaka jana, na 1,500,000 mwaka uliotangulia. Sasa rudi kwenye taarifa ya mapato, utafute riba kutoka benki. Hakuna hata senti. Mtu haweki milioni moja na nusu kwa muda maalumu ili asilipwe riba. Hiyo ndiyo maana ya kuifunga fedha. Hata kwa asilimia 7 kwa mwaka, ingeleta shilingi 105,000. Amana isiyozaa miaka miwili ama ni amana iliyosahauliwa kuandikiwa riba, ama ni amana isiyokuwepo. Mkaguzi aliyesoma kurasa mbili hizo kwa pamoja alikuwa na la kuuliza kabla hajainuka kitini.

Na kulikuwa na njia rahisi zaidi, ambayo ni ya kawaida katika kazi hii: barua ya uthibitisho wa benki. Chama hutia saini ya kuiruhusu benki itoe habari, lakini mkaguzi mwenyewe ndiye huipeleka, na jibu humrudia yeye moja kwa moja bila kupitia mkono wa mtu yeyote wa chama. Barua huuliza akaunti zote zilizo kwa jina la chama, zikiwemo zilizofungwa ndani ya mwaka. Salio la kila moja siku ya mwisho ya mwaka wa fedha. Amana za muda maalumu na tarehe ya kuiva. Kama amana imewekwa rehani kwa mkopo. Na majina ya wenye mamlaka ya kutia saini. Jibu likipitia kwa mweka hazina, hata bahasha ikiwa imefungwa kwa gundi na mhuri, halina thamani tena kama ushahidi. Hapo ndipo kazi nyingi za visiwani huharibika. Mkaguzi yuko Mombasa, tawi la benki liko Lamu, na mweka hazina anajitolea kwa ukarimu: "Niachie mimi, nitakuletea." Anachukua barua, anarudi na karatasi.

Tatizo hili halikuanzia kwenu. Desemba 2003 kampuni ya maziwa ya Parmalat, Italia, ilianguka baada ya Bank of America kusema kwamba karatasi iliyothibitisha karibu yuro bilioni 4 kwenye akaunti ya kampuni tanzu ilikuwa ya kughushi. Juni 2020 kampuni ya Wirecard ya Ujerumani ilikiri kwamba yuro bilioni 1.9 zilizodaiwa kuwa kwenye benki za Ufilipino huenda hazikuwepo kabisa. Kampuni zote mbili zilikuwa zimepewa hati safi na wakaguzi wenye majina makubwa. Nimezitaja kwa sababu mkaguzi wenu akisema "hata wakubwa hudanganywa", jibu ni kwamba kila walipodanganywa watu hawakusema ni majaaliwa. Walimuuliza mkaguzi kama jibu la benki alilipata mwenyewe.

Kuhusu uzito: kila mkaguzi huweka kiwango ambacho kosa likikizidi linaweza kubadili uamuzi wa msomaji wa hesabu. Kiwango hicho hakikuwekwa na sheria kwa tarakimu. Ni mazoea ya kazi. Kwa chama cha akiba, asilimia 1 ya mali yote ni kipimo kinachotumika sana. Mali yenu ni shilingi 38,000,000, kwa hiyo uzito ungekuwa kama 380,000. Kisha mkaguzi hujishushia kiwango cha kufanyia kazi, baina ya nusu na robo tatu ya hicho, yaani 190,000 hadi 285,000, ili makosa madogo yasikusanyike yakawa kubwa. Mtu akiiba 20,000 kwa mwaka, ukaguzi wa kawaida hauahidi kumkamata, na mwanachama anayetarajia hivyo anatarajia kisichouzwa. Lakini amana ya 1,500,000 ni karibu mara nne ya kiwango cha uzito. Haikuwa na pa kujificha.

Mikopo 19 ni jambo gumu zaidi, na hapa nataka uwe mwadilifu kwa mkaguzi. Kila mmoja, kwa wastani, ni 70,000. Hakuna hata mmoja unaofikia kiwango cha uzito ukisimama peke yake. Taarifa zenu zinaonyesha mikopo 410. Tuseme alichagua sampuli ya 40 bila upendeleo: nafasi ya kuikosa yote 19 ni kama moja kati ya saba. Si nafasi kubwa, ila ipo. Na hata akiuangukia mmoja, atakuta nini ndani ya faili? Fomu imejazwa, nakala ya kitambulisho ipo, wadhamini watatu wametia saini, kamati ya mikopo imeidhinisha. Mwizi wa mikopo hewa hutengeneza faili zuri kuliko mkopaji wa kweli. Faili za wakopaji wa kweli ndizo zenye doa la mafuta na ukurasa uliopotea.

Kwa hiyo karatasi kwa karatasi haitoshi. Lazima mkopaji mwenyewe aulizwe. Mkaguzi huchagua wanachama, huwaandikia au kuwapigia kwa namba alizozipata mahali pengine nje ya faili la mkopo, na kuwauliza: akiba yako ni kiasi gani, unadaiwa kiasi gani, umemdhamini nani? Lamu hili ni jepesi kuliko mjini mkubwa. Mtu aliyeandikwa kuwa wa Matondoni au Kizingitini anajulikana huko, au hajulikani. Wadhamini pia waulizwe, maana mara nyingi mtu hugundua hapo kwamba jina lake limesimamia deni asilolijua.

Pia sampuli siku hizi si kisingizio kizuri kama zamani. Orodha ya mikopo 410 iliyo kwenye kompyuta huweza kupangwa kwa namba ya simu iliyopokea fedha, kwa namba ya kitambulisho, kwa jina la mdhamini na kwa tarehe, yote 410, chini ya saa moja. Mikopo hewa huacha alama zilezile: namba moja ya M-Pesa imepokea mikopo mitatu ya majina tofauti, wadhamini walewale watatu wanarudi kila mahali, mkopo umetolewa tarehe ambayo kamati ya mikopo haikukaa, mwanachama ana mkopo lakini akiba yake haijasogea tangu siku aliyojiunga. Ya hatari kuliko zote ni mkopo unaolipwa wote kwa siku moja, na siku hiyohiyo au kesho yake mkopo mpya wa kiasi cha juu kidogo unatolewa kwa jina jingine. Deni la zamani linazimwa kwa deni jipya, na kwenye vitabu hakuna anayechelewa kulipa. Orodha ya mikopo isiyo na mchelewaji hata mmoja, kwa wavuvi, katika mwaka wenye kusi kali, ingemtia shaka mtu yeyote anayeijua pwani hii.

Sasa makusanyo ya dikoni. Fedha ambayo haikuandikwa popote ndiyo ngumu kuliko zote kuiona, kwa sababu mkaguzi huanza na vitabu, na vitabu havina habari nayo. Hapa kuna kosa la kitaalamu ambalo vijana wanaotumwa kazini hulifanya mara nyingi: huchukua ingizo kwenye leja, wakatafuta risiti yake, wakaiona, wakaweka alama ya tiki. Njia hiyo inathibitisha kwamba kilichoandikwa kilitokea. Haiwezi kuthibitisha kwamba kilichotokea kiliandikwa. Ili kujua hilo lazima uende kinyume: uanzie dikoni, kwenye daftari la mizani ambamo kilo za kila mvuvi zimeandikwa, ufuate makato ya chama mpaka kwenye risiti, kutoka risiti mpaka daftari la fedha, kutoka hapo mpaka benki. Kazi ya siku kumi zilizochaguliwa ndani ya mwaka, tano za kaskazi na tano za kusi, ingetosha kuonyesha kama kuna tundu.

Vitabu vya risiti navyo vina habari. Kila chama kinapaswa kuwa na rejista ya vitabu vilivyochapishwa, namba ya kwanza na ya mwisho, nani alipewa na lini alirudisha. Kitabu kimoja kisichorudi ni risiti hamsini au mia zinazotembea peke yake. Tazameni pia siku zinazopita baina ya risiti na kuweka benki. Mweka hazina anayechukua ya leo kuziba ya wiki iliyopita hujulikana kwa ucheleweshaji unaokua: siku mbili, kisha tano, kisha kumi na mbili. Na ombeni mapato ya dikoni ya kila mwezi kwa miaka mitatu. Juni na Julai bahari ikichafuka, mashua nyingi hubaki ndani na mavuno hushuka. Ikiwa vitabu vinaonyesha makusanyo ya kaskazi na ya kusi yako sawasawa, basi kuna mtu alikuwa anachagua cha kuandika. Mkaguzi asiyejua misimu ya pwani angeona mapato tulivu akafurahi.

Hata hivyo, 900,000 kwa miaka miwili ni 450,000 kwa mwaka, juu kidogo tu ya kiwango cha uzito, na kama daftari la mizani nalo lilikuwa mikononi mwa mshirika wa mweka hazina, ukaguzi wa kawaida ungeweza kupita bila kuliona. Watu wawili wakishikana kuficha, kinga nyingi za ukaguzi hulegea. Katika hili msimdai zaidi ya haki. Na jiulizeni pia kamati yenu ya usimamizi ilikuwa wapi: kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kila mwezi ni kazi ya chama, si ya mkaguzi anayekuja mara moja kwa mwaka. Mkienda kwenye baraza la ushirika, swali hilo mtaulizwa.

Tofauti baina ya kile umma unachotarajia kwa mkaguzi na kile anachofanya huitwa pengo la matarajio, na wataalamu wameligawa tangu zamani. Brenda Porter, katika utafiti wake wa New Zealand uliotoka mwaka 1993, alitenganisha mambo matatu: yale ambayo umma unataka lakini hayawezekani kwa gharama ya haki, yale yanayowezekana lakini viwango bado havijayataka, na yale ambayo viwango vinayataka ila mkaguzi hakuyafanya. Kundi la kati husogea. Mwaka 1938 kampuni ya madawa ya McKesson & Robbins, Marekani, ilikutwa na mali hewa ya kama dola milioni 19 kati ya milioni 87. Wakati huo mkaguzi hakulazimika kwenda ghalani kuona bidhaa wala kuwaandikia wadaiwa. Baada ya kelele za umma, mwaka uliofuata vyote viwili vikawa sehemu ya kazi. Kwa hiyo usiache kutarajia kwa sababu tu mkaguzi ameinua kitabu cha viwango. Viwango vingi vimo kitabuni kwa sababu watu waliopoteza fedha walikataa kunyamaza.

Lakini lenu la amana liko kundi la tatu. Hapo hahitajiki mtu kubadilisha kiwango.

Kwa nini kazi huwa dhaifu? Taarifa zenu zinaonyesha ada ya ukaguzi shilingi 85,000. Toa nauli ya watu wawili kutoka Mombasa, boti, malazi na chakula, kodi na gharama za ofisi. Kinachobaki kinalipa siku tatu za kijana mmoja mwenye uzoefu mdogo. Kazi ya chama kama chenu, kwa makadirio yangu, inahitaji siku tisa au kumi za mtu mmoja: moja ya kupanga, moja ya benki na M-Pesa, tatu za mikopo na kuwapigia wanachama, mbili za makusanyo, moja au mbili za taarifa na maelezo yake, na moja ya mkaguzi mkuu mwenyewe kupitia kila karatasi kabla ya kutia saini. Ukilipia siku tatu, zile sita zilizokosekana hazijulikani mpaka fedha ipotee. Nasema hili bila kumwondolea lawama: aliyekubali ada alikubali pia viwango, na hakuna ukaguzi wa nusu bei wenye nusu ya wajibu. Ila kamati inayochagua anayetoza kidogo kuliko wote, kila mwaka, inachagua pia hilo.

Jambo jingine la kuuliza ni nani aliyeziandika taarifa zenyewe. Katika vyama vingi vidogo mweka hazina hukabidhi mfuko wa risiti, na mkaguzi ndiye huandaa hesabu kisha akazikagua. Hapo anajitazama mwenyewe, na jicho la shaka hupungua.

Sasa mshike wapi. Kwanza hakikisheni mkaguzi ni mkaguzi. Ripoti iwe na jina la mtu anayewajibika na namba ya leseni yake, na leseni hiyo ithibitishwe kwa Taasisi ya wahasibu wa umma, ICPAK, kwa kila mwaka mmoja mmoja wa ile mitatu. Usilione jambo dogo. Uchunguzi wa KUSCCO, muungano wa vyama vya akiba nchini, ulipoonyesha upungufu wa shilingi bilioni 13.3, ilielezwa pia kwamba hesabu zilikuwa na saini ya mkaguzi aliyekwisha kufariki.

Kisha ombeni ripoti nzima, si ule ukurasa uliosomwa mkutanoni. Someni aya ya maoni: hati safi, hati yenye shaka, hati isiyoridhisha, au mkaguzi kushindwa kutoa maoni. Someni chini yake kama kuna aya ya kusisitiza jambo, au ya mashaka kuhusu uwezo wa chama kuendelea. Mara nyingi onyo huwekwa hapo na msomaji wa mkutanoni huliruka. Ombeni pia barua ya mkaguzi kwa wasimamizi, ambayo hueleza udhaifu wa udhibiti alioukuta. Ikiwa aliandika miaka mitatu mfululizo kwamba mtu mmoja anapokea, anaandika na kupeleka benki, na kamati ikaiweka kabatini, basi sehemu kubwa ya lawama inahama. Ikiwa hakuandika barua yoyote, hilo nalo ni ushahidi. Na tazameni barua ya uwakilishi, ile ambayo kamati humtilia saini mkaguzi kwamba imemweleza kila wizi inaoujua: nani alitia saini? Mkaguzi hawezi kuitegemea barua hiyo peke yake mahali pa jibu la benki.

Mwandikieni mkaguzi kwa utulivu, maswali machache, majibu kwa maandishi. Jibu la benki la kila mwaka ulilipokea kwa njia gani, tarehe gani, na liko wapi? Ulieleza vipi kukosekana kwa riba? Wanachama wangapi uliwasiliana nao moja kwa moja, na wewe au wenzako mlifika dikoni? Viwango vinamtaka afunge faili la kazi ndani ya siku 60 tangu tarehe ya ripoti, na alitunze kwa kawaida miaka isiyopungua mitano. Kwa hiyo majibu yapo, kama kazi ilifanyika. Karatasi za kazi ni mali yake na anaweza kukataa kuwapa ninyi, lakini hawezi kuwakatalia ICPAK wanaochunguza malalamiko, wala mahakama ikiamuru.

Kwa upande wa sheria, chama chenye akiba za wanachama zisizofikia milioni 100 na kisichofanya kazi ya kibenki hakisimamiwi na SASRA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyama vikubwa vya akiba na mikopo. Mlango wenu ni afisa wa ushirika wa kaunti na Kamishna wa Vyama vya Ushirika. Chini ya kifungu cha 58 cha sheria ya vyama vya ushirika, Kamishna anaweza kuanzisha uchunguzi mwenyewe, na hulazimika kufanya hivyo akiombwa na si chini ya theluthi moja ya wanachama waliohudhuria na kupiga kura kwenye mkutano uliotangazwa ipasavyo. Angalieni neno "kutangazwa": mkutano wa dharura wa barazani, hata ukijaa, unaweza kuangushwa kwa kukosa tangazo. Baada ya uchunguzi anaweza kuamuru kiongozi aliyehusika arudishe fedha. Dai la fidia dhidi ya mkaguzi ni la chama, si la mwanachama mmoja mmoja, maana mkataba wake ni na chama. Basi mkutano upitishe azimio. Malalamiko ya kinidhamu kwa ICPAK, hayo hata wewe peke yako unaweza kuyapeleka.

Mtasikia pia ushauri wa kuleta wachunguzi wa kina wapekue kila kitu tangu chama kianze. Uchunguzi huo ni kazi tofauti na ukaguzi, una bei yake, na bei hupanda kwa kila mwezi mnaoongeza. Andikeni mipaka: amana moja tangu ilipowekwa, mikopo yote ya miezi 36, makusanyo ya dikoni ya miezi 24. Mkaguzi mpya achaguliwe na mkutano mkuu wenyewe kutoka orodha iliyoidhinishwa, si na kamati baada ya mkutano, na barua yake ya kazi iseme wazi kwamba jibu la benki na taarifa ya M-Pesa atazipata mwenyewe.

Kabla ya yote hayo, wiki hii, viongozi waliobaki waiandikie benki barua moja: amana ilivunjwa tarehe gani, nani walitia saini ya kuivunja, na fedha zililipwa kwenye akaunti ipi. Waombe nakala ya fomu yenyewe. Saini ya pili kwenye fomu hiyo ni ya mtu ambaye huenda bado anakaa nanyi mkutanoni, na akaunti iliyopokea ni njia ya kuirudisha fedha ambayo haitegemei mkaguzi hata kidogo.